Ukosi

Nimepiga pasi majoho ya mahakimu wa kaunti hii
miaka ishirini na sita,
na nakwambia: joho jeusi halifichi kitu.
Ukosi hushika jasho, mikono hukusanya wino,
na mfukoni (ndiyo, lina mfuko, watu hawajui)
nimekuta maganda ya peremende za kikohozi,
risiti ya chambo cha samaki,
na mara moja jino la mtoto,
limeviringishwa ndani ya karatasi ya choo.

Wiki hii runinga iliyo juu ya mashine ya tatu haizimwi.
Huko Washington wanamhoji Aldercott.
Maseneta wamekaa juu kama majogoo kwenye kichanja,
yeye chini, na bilauri ya maji asiyoinywa.
Mvua ya Oktoba inagonga kioo, Toledo yote imelowa,
na kila aingiaye kuchukua suruali
hutoka ameacha hukumu.

"Kichwa kile," asema Harlan Tuttle, "ni maktaba inayotembea.
Mnataka nini, malaika? Malaika hawasomei sheria."
Mwalimu Delphine Wojcik anahesabu sarafu za kulipia sketi:
"Maktaba, naam. Ila ufunguo wanao matajiri."
"Umesoma hata hukumu yake moja?"
"Nimesoma. Wewe umesoma kofia yako."

Walipofika hapo, nikaongeza mvuke.

Mimi nimesoma moja. Kurasa kumi na sita.
Kesi ya pensheni za kiwanda cha vioo.
Mume wangu Roland hakuwa na jina humo;
alikuwa ndani ya neno "wengineo",
yeye na wenzake mia nne na ushei, wamebanana.
Ukurasa wa kumi na moja Aldercott kaandika
kwamba anawahurumia, lakini sheria iko wazi.
Roland akaweka kidole pale kwenye "lakini",
akakaa nacho hapo hadi kahawa ikapoa.
Nilitaka kuyachukia maandishi yale. Sikuweza.
Yalikuwa safi, yamenyooka, hayana kunyanzi hata moja.
Kazi nzuri ya pasi naijua nikiiona.

Seneta mmoja, mwanamke, sauti kavu, akamuuliza:
"Wale wa Toledo, unawakumbuka?"
Duka likanyamaza. Hata mashine ya tatu, naapa,
ndipo ilipokuwa inabadilisha maji.
Akapekua makaratasi. "Naikumbuka kesi," akasema.
"Kila kesi huipa uzito wake."
Tuttle akajikuna shingo. Alisimama mbele ya tanuri la kiwanda kile
miaka kumi na tisa kabla ya kuhamia garimoshi la mizigo.
Hakusema kitu. Kisha akasema, "Amejibu vizuri,"
lakini alikuwa ameivua kofia,
na aliyeambiwa ni kofia.

Alhamisi wakapiga kura.
Hamsini na moja kwa arobaini na tisa.
Nje mtu akapiga honi kwa furaha. Mwingine naye akapiga,
sijui kwa nini, labda taa ilikuwa ya kijani.
Delphine alilia kidogo, akaomba radhi,
akaniuliza bei ya kufua kitambaa cha meza.

Tangu siku ile Tuttle huja Jumatano
ili asikutane na mwalimu wa Jumanne.
Hajui kwamba reli yangu hufuata nambari za tiketi,
na kwamba mashati yake yananing'inia bega kwa bega
na sketi za Delphine. Plastiki zao hunatana,
na nikizitenganisha zinapiga kelele.

Leo limeletwa joho la hakimu wa hapa, kijana, mgeni wa kazi.
Nimelitandaza mezani.
Nimetia mkono mfukoni, kwa mazoea tu.
Hamna kitu, bado.
Nikaipasha pasi, nikaanza na ukosi.